VANISHI YA KUPULIZA JUU YA PICHA
(Maneno yaliyosomwa katika mkutano wa tawi)



Sisi watu wa reli twaijua kazi ya rangi. Behewa lisilopakwa rangi huliwa na kutu. Picha nayo huliwa vivyo hivyo na vidole, unyevu na jua. Twataka kutundika ofisini picha za wazee waliotutangulia katika chama, na wengi wetu tuna nyumbani picha za wazazi waliofariki. Basi yatupasa kujua matumizi ya vanishi ya mkebe, maana ikitumiwa vibaya huharibu kile tulichotaka kukilinda.

Kwanza, tusipulize kamwe picha ya asili iliyo moja tu. Vanishi ikishashika haitoki ila kwa dawa kali, na dawa hiyo yaweza kuiharibu picha yenyewe. Tuipeleke ikatolewe nakala. Asili iwekwe katika bahasha mahali pakavu, na nakala ndiyo ipulizwe na kutundikwa. Nakala nyingi za siku hizi hupigwa chapa kwa wino, na nyingine tone la maji huutawanya wino huo. Hapo vanishi husaidia sana.

Pili, kazi yenyewe. Nakala iachwe ikauke siku nzima, kisha tuifute vumbi kwa brashi laini. Tutikise mkebe dakika moja au mbili, tuushike mbali na picha kadiri ya sentimita 25 hadi 30. Tuanze kupuliza nje ya ukingo, mkono upite sawasawa, na tumalizie nje ya ukingo wa pili. Tabaka mbili au tatu nyembamba ni bora kuliko moja nene. Kila tabaka ikauke kwa muda ulioandikwa juu ya mkebe. Na kabla ya yote, tujaribu juu ya karatasi iliyoharibika.

Tatu, kutengeneza makosa. Ukiingia weupe kama ukungu, sababu ni unyevu wa hewa. Ndugu zetu wa Mombasa wajihadhari. Tungoje siku kavu, tupulize tabaka nyepesi, na mara nyingi weupe huo huondoka. Uso ukiwa kama mchanga, mkebe ulikuwa mbali mno. Vanishi ikitiririka, ulikuwa karibu mno: tusiifute ingali mbichi, bali tuilaze picha mpaka ikauke. Mkwaruzo mdogo hupakwa penseli ya rangi juu ya vanishi iliyokauka, kisha hufunikwa kwa tabaka nyingine. Kosa likiwa kubwa, tutatoa nakala nyingine, kwa kuwa asili tunayo.

Mwisho, jambo la chama. Gesi ya mkebe huwaka, kwa hiyo tufanye kazi mahali penye hewa, mbali na jiko na sigara. Kitambaa cha mdomoni huzuia vumbi tu, mvuke wapita. Yatakiwa barakoa yenye vichujio vya mkaa. Ndugu wapulizao rangi kila siku kazini wazidai, wala wasione haya: sheria ya Kenya ya mwaka 2007 juu ya usalama na afya kazini yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Haifai tutunze sura za wazee huku mapafu ya vijana yakiharibika.