Maneno ya Karani Juu ya Watoto Walelewao



Twaleta mbele yenu sheria ya Marekani iliyotiwa sahihi na Rais Obama tarehe 29 Septemba, 2014. Huko mtoto aliyekosa matunzo ya wazazi hukabidhiwa walezi na serikali. Akitoroka, wenye biashara ya watu humwokota njiani. Sheria yawaamuru wenye dhamana yake wapeleke habari polisi mara moja, zisipite saa 24. Naye akipatikana, wachunguze kilichomkimbiza. Hili la pili twalipenda zaidi, kwani kumrudisha tu kwenye nyumba aliyoikimbia si kumwokoa.

Wengi wetu hapa twalea watoto wa ndugu. Akikosekana mmoja jioni, twangoja siku ngapi kwa kuona haya?