Ukaguzi wa Majengo Usiwasahau Waliomo Ndani

Tangu jengo la ghorofa liporomoke Kariakoo, Dar es Salaam, asubuhi ya Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, na Rais Samia Suluhu Hassan amwagize Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aongoze ukaguzi wa majengo yote ya eneo hilo, mazungumzo ya mji yamekuwa ya nondo, saruji, nguzo na vibali vya ujenzi. Mazungumzo hayo ni ya haki, nasi hatuna sababu ya kuyapinga. Kinachotutia wasiwasi ni kwamba ukaguzi unaweza kukamilika, ripoti ikaandikwa, majengo mabovu yakatiwa alama, na hali ya waliomo ndani ikabaki vilevile ilivyokuwa kabla ya tarehe 16. Siku ukuta utakapoanza kupasuka, au moshi utakapojaa ngazini, ni nani atakayewatoa watu, naye atakuwa ameshika nini mkononi?

Kikosi cha kuhamisha watu kazini, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni kundi la wafanyakazi wa jengo lenyewe, yaani wahasibu, wauzaji, walinzi na wafanya usafi, waliofundishwa kuongoza wenzao kutoka nje, kupekua vyumba na vyoo kuhakikisha hakuna aliyebaki, na kuwahesabu watu katika eneo la kukusanyikia. Kikosi hicho si Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Jeshi huitwa kwa namba 114, nalo hutoka nje ya jengo, likapita katikati ya foleni na mitaa iliyojaa marobota ya bidhaa hadi ukutani. Dakika zinazopita kati ya kengele ya hatari na kufika kwa gari la zimamoto ni dakika za kikosi cha ndani peke yake, na katika dakika hizo hakuna mwingine wa kusaidia. Hata msaada ulipofika Kariakoo Jumamosi ile, waokoaji walipasua zege kwa nyundo na kuondoa vifusi kwa mikono mitupu kwa saa kadhaa kabla ya mitambo mizito kuanza kazi.

Nyenzo za kikosi hicho si za gharama ya kutisha, na kila moja ina sababu yake. Kizibao cha rangi kali chenye kuakisi mwanga, ambacho wengi hukiita rifleta, pamoja na kofia ngumu, humtambulisha msimamizi wa ghorofa kwa watu wasiomfahamu, kwa kuwa mtu aliyeshikwa na hofu humtazama anayeonekana kujua analofanya na kumfuata. Kipaza sauti cha mkononi hufanya kazi ambayo kengele haiwezi: kengele hutangaza kwamba kuna hatari, lakini haisemi kwamba ngazi ya mashariki imejaa moshi na kwamba watu wapite ya magharibi. Tochi inahitajika kwa sababu umeme hukatika au hukatwa, na ngazi nyingi za majengo yetu hazina dirisha. Filimbi humsaidia aliyenaswa, kwani pumzi huchoka upesi kwa kupiga kelele, ilhali mlio wa filimbi hupenya hata chini ya kifusi. Kiti cha kushushia watu ngazini, ambacho huteremka kwa mikanda inayoshika kingo za vidato, humwezesha msaidizi mmoja au wawili kumshusha mlemavu, mjamzito au mgonjwa pale ambapo lifti hairuhusiwi kutumika. Zaidi ya hayo ni redio za upepo, sanduku la huduma ya kwanza na orodha ya waliomo ndani. Orodha hiyo ndiyo inayopuuzwa kuliko vyote, na ndiyo inayokosekana kuliko vyote wakati mwokoaji anapouliza achimbe wapi kwanza.

Tumekwisha kulalamikia kufuli, na tutaendelea kulilalamikia. Katika ofisi nyingi zinazojivunia kuwa na vifaa, vifaa hivyo vimo kabatini, kabati lina kufuli, ufunguo uko kwa ofisa utumishi, na ofisa utumishi yuko safarini. Mlango wa dharura nao una kufuli, eti wezi wasipitishe mali. Mtungi wa kuzimia moto umefungiwa stoo, eti usiguswe na watoto wa wateja. Kila kufuli lina maelezo yake, na maelezo hayo yote huonekana ya busara hadi siku ya hatari. Huko New York, tarehe 25 Machi 1911, wafanyakazi 146 wa kiwanda cha nguo cha Triangle, wengi wao wasichana wahamiaji, walikufa kwa moto uliodumu muda mfupi tu, na mlango mmoja wa ngazi ya kutokea ulikuwa umefungwa kwa hofu ya wizi. Zaidi ya karne moja imepita, na hofu ya wizi bado inatangulia hofu ya kifo katika majengo ya miji yetu.

Mji huo huo wa New York unatoa mfano wa kinyume. Kituo cha Biashara cha Ulimwengu (World Trade Center) kiliposhambuliwa kwa bomu mwaka 1993, Rick Rescorla, mkuu wa usalama wa kampuni ya Dean Witter, ambayo baadaye iliungana na Morgan Stanley, aliona jinsi watu walivyohangaika gizani na katika moshi, akaanza kuwalazimisha wafanyakazi wote, wakubwa kwa wadogo, kufanya mazoezi ya kushuka ngazi mara kwa mara, licha ya manung'uniko ya waliodai kupotezewa muda. Tarehe 11 Septemba 2001, mnara wa kaskazini wa kituo hicho ulipopigwa, tangazo la vipaza sauti katika mnara wa kusini liliwaambia watu kwamba jengo lao lilikuwa salama. Rescorla hakulitii. Alichukua kipaza sauti cha mkononi akawateremsha watu wake, na takribani wafanyakazi 2,700 wa kampuni hiyo, isipokuwa wachache sana, walitoka hai. Yeye alirudi ndani kutafuta waliobaki na hakutoka tena. Linalostahili kuzingatiwa hapo ni kwamba kipaza sauti kilikuwa karibu naye, kwamba watu walikwisha kuizoea sauti yake, na kwamba alikuwa na mamlaka ya kuamuru watu watoke bila kungoja ruhusa kutoka juu. Mamlaka hiyo nayo ni nyenzo, tena ni ya kwanza, kwa sababu mlinzi mwenye rifleta mpya ambaye hathubutu kumwambia meneja aondoke mezani hawezi kumwokoa yeyote.

Ni kweli kwamba jengo linaloporomoka kwa ghafla halimpi mtu nafasi ya kupiga filimbi wala kushusha kiti. Hata hivyo, mara nyingi zipo dalili zinazotangulia, kama vile nyufa mpya, milango inayokwama, vumbi linalodondoka kutoka darini na sauti za zege kulia, na kikosi kilichofundishwa na kupewa mamlaka ndicho kinachoweza kuzitambua na kufunga biashara siku hiyo. Na jengo likishaanguka, kikosi hicho ndicho chenye kujua stoo ya chini ina milango mingapi na nani alikuwa humo.

Hapa ndipo Kariakoo inapokuwa na ugumu wake wa pekee, ambao sheria zilizopo haziutoshi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humtazama mwajiri, na kiwandani au wizarani mwajiri anajulikana. Lakini jengo la Kariakoo lina wapangaji kwa makumi: huyu ana duka la mapazia chini, yule ana stoo ya viatu ghorofa ya tatu, mwingine ana meza moja tu koridoni, na kila mmoja ameajiri kijana mmoja au wawili. Humo hupita mawinga wanaotafutia wateja bidhaa, wabeba mizigo, na wanunuzi waliotoka Zambia, Malawi, Komoro na Kongo, ambao majina yao hayamo katika daftari lolote. Mwenye jengo husema usalama ni wa wapangaji kwa kuwa wao ndio wanaofanya biashara. Wapangaji husema ni wa mwenye jengo kwa kuwa ndiye anayechukua kodi. Na kwa hiyo kizibao hakinunuliwi, tochi hainunuliwi, na kufuli linabaki mlangoni. Nchini Kenya, kanuni za mwaka 2007 za kupunguza hatari ya moto zinataka kuwe na kikosi cha kuzima moto mahali pa kazi na zoezi la kuhama jengo angalau mara moja kila miezi 12. Kanuni ya namna hiyo ingefaa hapa, mradi imtaje mwenye jengo waziwazi, na mradi gharama ya vifaa iingizwe katika kodi kama inavyoingizwa gharama ya mlinzi na ya taka.

Kwa hiyo timu ya ukaguzi isiishie kwenye nguzo. Ikifika katika kila jengo, iombe kuonana na kikosi, iombe kuona tochi zikiwaka, iombe orodha ya watu wa siku hiyo, na iamuru zoezi lifanyike mbele yake, wateja wakiwamo ndani, si siku ya mapumziko. Isikubali kuoneshwa kabati. Wenye majengo wasisubiri timu hiyo. Vizibao na filimbi vinauzwa humo humo Kariakoo, hatua chache kutoka milangoni mwao. Wapangaji wakutane juma hili hili, wachague wasimamizi wawili kwa kila ghorofa na wawape namba ya kila stoo. Wafanyakazi nao waudai ufunguo wa mlango wa dharura, na wakiambiwa hauonekani, walete fundi akate kufuli hilo kesho asubuhi, kabla duka halijafunguliwa.