Waishio Ndani ya Konokono



Maradhi ya kichocho ni ya kale, na katika nchi nyingi za Afrika mvulana aliyekojoa damu alidhaniwa anabaleghe tu. Tabibu wa Kijerumani, Theodor Bilharz, alimwona mnyoo ayaletaye mjini Cairo mwaka 1851, lakini ilipita miaka 64 kabla Robert Leiper, huko huko Misri, hajadhihirisha ya kuwa mnyoo huyo hana budi kulelewa kwanza katika mwili wa konokono wa maji baridi.

Malezi hayo ni ya ajabu. Yai la mnyoo likifika majini huanguliwa, kikatoka kijidudu chenye vinyweleo kiogeleacho kwa saa chache kikimtafuta konokono wake, kikimkosa, hufa, kikimpata, hugeuka mfuko usio na mdomo wala tumbo, na mfuko huo huzaa mifuko mingine, hata baada ya majuma kadhaa, jua lipandapo kuelekea adhuhuri, saa ambayo watoto wamo mtoni wakioga na mama zao wakifua, vijidudu vyenye mikia ya panda humiminika kwa maelfu, navyo hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha kwa muda wa dakika chache.

Lakini si kila konokono hukubali kuwa mlezi. Kisiwani Unguja, Bulinus globosus humpokea mnyoo, ilhali nduguye Bulinus nasutus humkataa, na jicho tupu haliwezi kuwapambanua.

Tena konokono hana mgeni mmoja. Pembeni mwa gamba lake hung'ang'ania kijinyoo Chaetogaster limnaei, kilacho vijidudu vya kichocho viingiavyo na vitokavyo. Na katika damu ya Biomphalaria glabrata, konokono wa Amerika na visiwa vya Karibi, wataalamu wa Oregon, Marekani, walikuta kiumbe cha seli moja, ambacho baadaye kiliitwa Capsaspora owczarzaki; kilipotiwa chupani pamoja na mifuko ya mnyoo, kiliivamia kikaiua. Chembe zake za urithi ziliposomwa, ilibainika kuwa ni jamaa wa karibu wa ukoo wote wa wanyama, nasi tumo. Chupa si bwawa, nakiri, wala sidai kwamba kiumbe hiki ni dawa. Hata hivyo, silaha tulizo nazo zina upungufu: sumu tumwagayo majini huua samaki pamoja na konokono, na vidonge vya prazikwanteli, dawa ya kichocho, huwaua minyoo waliokwisha kukomaa bila kumkinga mtoto arudiye kesho mto ule ule.

Kwa hiyo nawaomba, enyi vijana wa idara hii: mkishuka mabondeni Unguja na Pemba, msihesabu magamba tu mkaondoka. Wachukueni konokono wakiwa hai, mtazame damu yao kwa darubini, na mwandike kila kiishicho humo, kwa Kiswahili, ili na mama afuaye mtoni apate kusoma.