Hotuba ya Mwenyekiti: Chumba cha Kupanga na Akiba Yetu



Tunamshukuru Mungu kutufikisha miaka kumi. Habari za hisa na mikopo ataeleza Mweka Hazina. Sisi tumeona tuseme jambo moja tu linalowasumbua akina mama wengi, nalo ni chumba cha kupanga.

Shida hii haikuanza jana. Tarehe 28 Aprili 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walianza kumiminika daraja la Rusumo. Umoja wa Mataifa ulikadiria watu 250,000 katika saa 24 hivi. Mashirika yakaja na magari na fedha, yakapanga nyumba Ngara mjini, kodi ikapanda mpaka watumishi wetu wenyewe wakahangaika pa kulala. Wale wakimbizi walirudi kwao Desemba 1996, lakini somo tulilipata: akija mgeni mwenye fedha, mama muuza ndizi ndiye anayehamishwa.

Siku hizi wageni ni wengine. Wapo wanaofuata nikeli ya Kabanga, wapo wa malori pale Nyakanazi, njia panda ya Kigoma, Kahama na Biharamulo. Mwenzetu mmoja, mjane mwenye watoto watatu, aliambiwa ahame kwa siku nne kwa sababu amepatikana mtu wa kulipa mara mbili. Hakuwa na karatasi yoyote mkononi. Na ile sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo bei ni mapatano yenu wawili.

Ndugu wanachama, kinachotushinda ni kodi ya kutanguliza. Tuseme chumba ni shilingi 30,000 kwa mwezi. Hiyo mama anayekaanga maandazi anaipata. Lakini mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, yaani shilingi 180,000. Hapo ndipo tunauza mbuzi, au tunakwenda kwa mkopeshaji wa riba kubwa, au tunahamia chumba kinachovuja.

Ndiyo sababu ya kuwa na mfuko wa kodi. Mama akiweka shilingi 7,000 kila wiki, baada ya wiki 26 ana 182,000. Kodi ikiisha, nyingine iko tayari, wala hagusi mtaji wa biashara. Anayeanza kupanga tunamkopesha, naye anarudisha kila wiki hivyo hivyo.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Kwa hiyo mama asitoe hata senti kabla ya kuandikishana. Karatasi ionyeshe kodi ni kiasi gani, inaanza na kuisha lini, notisi ya kuhama ni ya muda gani, na umeme, maji na choo vinalipiwaje. Wasaini wote wawili na mashahidi, ikiwezekana na mwenyekiti wa kitongoji awepo. Kila anayelipa adai risiti. Asiyejua kusoma aje na mwanachama mwenzake, si aibu. Na chumba tukikague siku ya mvua, siyo siku ya jua.

Tusisahau mabinti zetu wa sekondari wanaopanga karibu na shule kwa sababu nyumbani ni mbali. Wapange wawili wawili, kwenye nyumba yenye mama mwenyeji, na mlango wenye komeo la ndani.

Ndugu Mgeni Rasmi, shabaha yetu sasa ni kiwanja na nyumba ya vyumba vinne, wanachama walipe kila mwezi bila kutanguliza. Tofali za kuchoma tutafyatua wenyewe. Wapenzi wa kikundi tunawaomba bati na saruji. Tunaomba pia kiwanja kiandikwe kwa jina la kikundi, maana Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi.

Umoja ni nguvu.