Mvua ya Mawe Ng'ambo ya Kijito



Sisi wa Kakamega hatuhitaji kufundishwa mvua ni nini. Kwa mwaka twapata kadiri ya milimita 2,000, zaidi ya mara tatu ya mvua ya London. Kaskazini mwa Ulaya, katika nchi ya Norwe, uko mji wa bandari uitwao Bergen, uliojulikana sana kwa mvua, nao watupita. Ila mvua yao ni ya namna nyingine. Hunyesha zaidi ya siku 200 kwa mwaka, mara nyingi ya rasharasha. Desemba mchana wao ni wa saa sita hivi, na Juni wakaribia saa kumi na tisa.

Kwetu mchana na usiku karibu hulingana mwaka mzima, nasi twajua miezi kwa kazi ya shamba. Januari na Februari twalima katika vumbi. Machi twapanda mahindi na maharagwe. Aprili na Mei ni matope, na gari la mchungaji hukwama, jambo ambalo waumini wamelizoea. Juni na Julai mvua hupungua bila kukoma, kisha Agosti huzidi tena, nasi twapanda mara ya pili.

Asubuhi mbingu huwa safi. Jua likiisha kuipasha nchi moto, hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Viktoria huvutwa bara, hukutana na pepo za mashariki karibu na ukingo wa milima ya Nandi, na kupanda juu. Kufika saa tisa au kumi, ngurumo zaanza. Bergen nako ni milima inayozipandisha pepo za bahari. Lakini wingu letu hupanda juu mno, hata matone yakaganda, ndipo twapata mvua ya mawe.

Mawe hayo huanguka katika ukanda mwembamba. Shamba la huyu husagwa, majani ya mahindi yakachanika kama matambara. La jirani yake, ng'ambo ya kijito, haliguswi. Hapo ndipo maneno huanza. Wengine husema, "Ana dhambi ya siri." Wengine, "Hatoi fungu la kumi." Wengine humnyoshea kidole mzee fulani kwamba ndiye aliyeituma.

Twazijua habari za wazee wa Nganyi, huko Bunyore, wanaosifiwa tangu zamani kwa elimu ya mvua. Katika karne hii wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya wameketi pamoja nao, wakilinganisha vipimo vyao na dalili za miti, wadudu na ndege. Kuchunguza dalili si dhambi. Bwana Yesu mwenyewe alikiri kwamba watu wajua kuusoma uso wa mbingu. Kumshtaki mzee kuwa ametupa barafu shambani mwa mtu ni jambo jingine kabisa, na maneno ya namna hiyo huweza kumwaga damu.

Katika Luka 13 Bwana ataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Hakukubali kwamba walikuwa wakosaji kupita wenzao wa Yerusalemu. Aliwageukia waliobaki hai, akawaita wao watubu. Basi sisi ambao mahindi yetu yamesimama, twadhani ni haki yetu iliyoyalinda? Rafiki za Ayubu walifanya vema siku saba, walipoketi naye chini kimya. Walikosea walipoanza kueleza.

Mwenye shamba lililopigwa mwezi wa Mei hawezi kungoja Machi. Ahitaji mbegu ya maharagwe kabla ya Agosti, na mikono ya kung'oa mabua. Kikundi cha akina mama, na vijana wakiamshwa mapema, waweza kuimaliza kazi hiyo asubuhi moja, kabla wingu halijajikusanya.

Tuombe. Ee Bwana, wewe wamjua aliyepoteza shamba lake juma hili. Tupeleke kwake kabla ya Jumapili, tukiwa na jembe na kibaba cha mbegu, na utuzuie tusimwulize amefanya nini. Kwa jina la Yesu. Amina.