Ushirika wa vanila: tuanze pamoja na wale waliobaki

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Kasindi)



Nimeombwa kusema ju ya ushirika. Nitaanza na ua, sababu ua njo limetukutanisha hapa.

Ua la vanila linafunguka siku moja tu. Linafunguka asubuhi, na mchana limeisha kunyauka. Usipopita na kijiti chako kulichavusha, linaanguka bila kuacha ganda. Kwetu kazi hiyo inafanywa na vidole vya mtu. Njia tunayoitumia iligunduliwa mwaka 1841 kwenye kisiwa cha Réunion na Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12. Wenye mashamba walitajirika, yeye akafa maskini. Basi kulima vanila ni jambo moja, kula jasho lake ni jambo lingine.

Wandugu, tulipokimbia, maua hayakutungoja. Mama mmoja kati yetu aliporudi alikuta shamba lake limejaa maganda. Kumbe jirani aliyebaki alikuwa anapita kila asubuhi kuchavusha. Mama anasema: shamba ni langu. Jirani anasema: maganda ni kazi ya mikono yangu. Wote wawili wanasema kweli. Wakiwa bado wanabishana, mnunuzi akaja na pikipiki na mizani yake mwenyewe, akanunua kwa huyu, akanunua kwa yule, maganda bado machanga. Makuta waliyopata hayakufika hata bei ya magunia mawili ya mihogo. Leo hawasalimiani.

Hapa lazima niseme kosa langu. Nilipoanza kazi hii, niliandika liste ya waliorudi peke yao, ju mradi ulikuwa wa waliorudi. Tukapanga siku moja ya kuvuna. Waliobaki hatukuwaita. Wao wakavuna mapema, kila mtu na hofu yake ya wezi. Wetu walipoona shamba la jirani limeisha, wakaogopa, wakavuna vilevile usiku. Siku tuliyopanga ilikuta mashamba matupu. Wengine walisema waliobaki wana roho mbaya. Hapana. Mtu hawezi kuvunja mapatano ambayo hakualikwa kuyafanya.

Na kuvuna mapema ni hasara ya wote. Ganda linahitaji karibu miezi tisa tangu ua lichavushwe. Likikatwa changa, harufu haijakaa ndani, na wakati wa kukausha linaota ukungu. Hata lililokomaa vizuri linapungua sana: kilo tano ao sita mbichi zinatoa kilo moja kavu. Ng'ambo ya mpaka, serikali ya Uganda hutangaza tarehe ya kufungua mavuno. Hapa kwetu, mapatano yetu sisi wenyewe njo yatakuwa tangazo.

Sheria ipo. Ile ya OHADA ju ya vyama vya ushirika ilipitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010, na Kongo iliingia OHADA mwaka 2012. Watu 5 wanatosha kuanzisha ushirika mwepesi. Ule wenye baraza la utawala unahitaji 15. Kila mwanachama ana kura moja, awe na hekta tano ao miche ishirini, awe alikimbia ao alibaki. Wakulima wa kahawa wa miteremko ya Ruwenzori wana ushirika wao, Kawa Kanzururu, katika teritware hii hii ya Beni, penye matata haya haya.

Lakini sitawadanganya ju ya bei. Mwaka 2003 kilo ya vanila kavu ilikaribia dola 500 kwenye soko la dunia. Mwaka 2005 ilikuwa chini ya 50. Madagaska njo inatoa sehemu kubwa ya vanila yote. Kimbunga kikipiga kule, bei inapanda huku. Mavuno yao yakiwa mazuri, yetu inaanguka. Ushirika hauwezi kuzuia hilo. Kwa hiyo mtu asing'oe mihogo wala kakao yake ju ya vanila. Mtoto hali harufu.

Kwenu wanachama, naomba mambo matatu leo. Kwanza, tufungue mlango kwa waliobaki, kwa kura. Pili, palipo na ugomvi kama ule wa mama na jirani, wazee wakae nao, wagawe mavuno ya msimu huu, na shamba libaki na mwenyewe. Tatu, tuchague walinzi wa usiku na watu wa mizani kutoka pande zote mbili.

Kwenu wafadhili: msitulipie hisa. Mtu asiyeweka franga zake haulizi zilikwenda wapi. Tusaidieni mizani, mablanketi na masanduku ya kukaushia. Na tafadhali, msituombe tena liste ya waliorudi peke yao.

Msimu wa maua ukifika, mmoja wetu atakuwa mgonjwa, mwingine atakuwa njiani. Nani atapita shambani mwake asubuhi ile? Tukiweza kujibu swali hilo bila kuogopana, ushirika umeshaanza, hata karatasi ikichelewa.