Wanaangalia Chuma: Hatari za Kazi ya Polisi na Mjadala wa Kudhibiti Silaha



Waandaaji waliniomba nizungumzie raia na silaha. Nimeomba ruhusa nigeuze kidogo: nitazungumzia askari na silaha. Sababu yangu ni mstari mmoja unaojirudia. Chukua taarifa za askari wetu waliouawa na majambazi katika matukio makubwa ya miaka ya karibuni, ruka majina, ruka pole za viongozi, nenda mwisho. Utakuta maneno yale yale: na silaha zao zikaporwa.

Nimekulia kota za polisi. Baba alikuwa koplo. Mama hakuwa na mazoea ya kumuuliza amekula nini kazini, alimuuliza lindo la leo ni wapi. Kuna majina ya malindo yaliyomfanya anyamaze, na lindo la benki usiku lilikuwa la kwanza. Siku moja baba alichelewa kurudi saa tatu nzima kwa sababu mwenzake wa kumpokea hakutokea, na lindo haliachwi bila wa kulipokea. Baba alipenda utani, lakini asubuhi ile alivua buti bila neno. Jioni ndipo akasema, kama anayejisemea mwenyewe: "Watu wakipita pale wanaangalia chuma. Mimi hawanioni."

Sentensi ile nimezeeka nayo, na ndiyo mada yangu yote.

Septemba 2014 kituo cha polisi cha Bukombe, mkoani Geita, kilivamiwa usiku. Askari wawili wakauawa, bunduki zikachukuliwa. Januari 2015 ikawa zamu ya Ikwiriri, Rufiji: askari wawili tena, na bunduki tena. Usiku wa Julai 12, 2015 likaja la Stakishari, Ukonga, ndani ya Jiji la Dar es Salaam, wakafa askari wanne pamoja na raia. Sehemu ya silaha zilizoporwa hapo zilikuja kupatikana zimefukiwa ardhini upande wa Mkuranga. Fikirini jambo hilo: mtu anaua watu ili apate bunduki, kisha anaifukia kama mkulima anayeweka mbegu. Huyo hakuwa na haraka ya kuiba kuku.

Kwa nini kituo? Kwa sababu kituo cha polisi kwa asili yake hakifungwi. Benki inafunga milango jioni, duka la dhahabu linashusha geti la chuma, lakini kaunta ya polisi lazima iwe wazi saa nane za usiku kwa ajili ya mama aliyepigwa, dereva aliyegonga mtu, kijana aliyeibiwa simu. Kila anayeingia anaingia kama mlalamikaji. Na nyuma ya kaunta hiyo hiyo, pengine ukuta mmoja tu, ndimo zilimo bunduki za SMG. Mlango tuliouacha wazi kwa huruma ndio mlango wa ghala.

Baada ya vituo yakafuata malindo. Agosti 23, 2016, Mbande, Dar es Salaam, askari wanne waliuawa kwenye tawi la benki, walipofika kubadilishana lindo. Aprili 13, 2017, Mkengeni, Kibiti, askari wanane walikufa ndani ya gari wakitoka kwenye kazi ya kizuizi barabarani. Wanane kwa mkupuo mmoja. Naomba makamanda mwangalie saa na siyo mahali. Matukio haya mawili yote yaliangukia mabadiliko ya zamu. Askari aliye lindoni amejificha nyuma ya kitu, macho yake yako barabarani. Askari anayeshuka kwenye gari ana mkono mmoja kwenye mlango na mwingine kwenye begi la chakula, na akili yake iko nusu nyumbani. Anayemvizia hahitaji mpelelezi, anahitaji kukaa kwenye kibanda cha chipsi siku nne na kuona kwamba gari ni lile lile, saa ni ile ile, njia ni ile ile. Sisi tunaita hilo nidhamu ya kazi. Yeye anaita ratiba.

Agosti 25, 2021, karibu na Daraja la Salenda, Dar es Salaam, mtu mmoja aliwapiga risasi askari, akachukua bunduki zao, akatembea nazo hadi kwenye lango la Ubalozi wa Ufaransa. Kabla hajauawa, askari watatu na mlinzi wa kampuni binafsi walikuwa wamekufa. Nchi nzima iliona picha za mtu anayetembea na bunduki ambazo dakika chache kabla zilikuwa za kumlinda yeye na sisi.

Sasa tuje kwenye sheria. Mwaka 2015 tulipata Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, na kwa raia ni sheria kali. Anayetaka bastola anaanza kujieleza kwa watu wa mtaa wake wanaomjua, ndipo maombi yapande ngazi kwa ngazi hadi polisi. Nchi hii imewahi pia kutoa miezi ya msamaha, Septemba na Oktoba, watu wakasalimisha silaha bila kuulizwa walizipata wapi. Mnayajua magobore yanayopangwa chini mbele ya kamera. Siyadharau. Gobore limeua tembo, limeua askari wa wanyamapori, limeua mke wa mtu. Lakini hakuna jambazi aliyewahi kuvamia kituo ili apate gobore.

Majirani zetu wamelipia somo hili kwa bei kubwa zaidi. Mwaka 1979 utawala wa Idi Amin ulipoanguka, askari waliokuwa kambi ya Moroto walikimbia na kuliacha ghala. Wakaramoja, wafugaji wa eneo lile, wakajichotea. Wizi wa ng'ombe uliokuwa wa mikuki ukawa wa bunduki za kivita, na serikali ya Uganda ilikuwa bado inazikusanya mwaka 2001, ikarudia tena 2006. Ghala moja tu lililoachwa wazi.

Kenya, Novemba 2012, askari waliokuwa wakifuatilia mifugo iliyoibwa waliingia mtegoni katika bonde la Suguta, Baragoi, wakafa zaidi ya 40. Miaka minne kabla ya hapo, utafiti uliofanywa Turkana Kaskazini ulikuwa umeonyesha kwamba karibu nusu ya risasi zilizozagaa kwa raia wa eneo lile zilitoka mikononi mwa polisi, nyingi zikiwa zimetengenezwa katika kiwanda cha serikali pale Eldoret. Polisi walizigawa ili jamii ijilinde dhidi ya wezi wa kutoka ng'ambo ya mpaka, maana askari wenyewe hawakutosha. Nia ilikuwa njema. Ila risasi ikishatoka ghalani haikumbuki nia ya aliyeitoa.

Hapo ndipo mfugaji wa kule ana hoja ambayo sisi wa Pwani tunaidharau upesi mno. Anasema: ukichukua bunduki yangu leo na jirani akabaki na yake, kesho sina ng'ombe. Mwaka 2019 serikali ya Kenya ilizichukua bunduki za polisi wa akiba wa vijijini ili wahakikiwe upya, na viongozi wa Bonde la Ufa wakalalamika kwamba vijiji vimeachwa uchi. Wote wawili walikuwa na haki, na ndiyo sababu mjadala huu hauishi.

Wapo watakaosema, na nadhani wamo humu, kwamba dawa ni kumpa askari silaha kubwa zaidi. Tuitazame Marekani. Kwa makadirio ya Small Arms Survey ya mwaka 2017, raia wa Marekani walikuwa na bunduki milioni 393, nyingi kuliko idadi yao wenyewe. Kwa makadirio hayo hayo, sisi Tanzania hatufikii bunduki moja kwa kila watu 100. Polisi wao wana kila kitu. Hata hivyo Julai 7, 2016, jijini Dallas, mtu mmoja aliua askari watano kwenye maandamano. Sheria ya Texas inaruhusu raia kutembea na bunduki begani hadharani, na baadhi ya waandamanaji walikuwa nazo, kwa hiyo risasi zilipoanza askari walipata kazi ya kubagua nani adui na nani raia mwenye haki yake. Siku moja kabla, Minnesota, dereva Philando Castile alimwambia askari kwa adabu kwamba ana silaha, aliyokuwa na kibali chake. Askari aliogopa, akampiga risasi, akamuua. Mahakama ilimwachia askari huyo. Kila mtu akiwa na chuma, woga wa askari unamfikia hata asiye na kosa.

Uingereza ni upande wa pili: ukiacha Ireland ya Kaskazini, askari wengi wanazunguka doria bila bunduki, na baada ya mauaji ya watoto 16 na mwalimu wao pale Dunblane mwaka 1996, bastola za raia zilipigwa marufuku. Sisemi tuige. Askari wa Biharamulo aliyewahi kusindikiza mabasi msituni atanicheka, na atakuwa na haki.

Ninachosema ni kwamba mjadala wa Marekani, wa haki ya raia kumiliki, tunauazima bila kuuhitaji sana. Wetu uko ghalani. Kwa nini kila kituo kidogo kilaze bunduki ndefu usiku, chini ya ulinzi wa askari wawili wanaohudumia pia mahabusu na walalamikaji? Mkuu wa kituo cha kijijini ataniuliza: majambazi wakija nipigie simu wilayani, kilomita 40, barabara ya vumbi? Swali lake ni zuri, na jibu langu ni la gharama: silaha chache, ghala lililotengwa na kaunta, uzio, taa, na askari wa ghala asiyekuwa pia karani. Zamu zibadilike saa zisizotabirika. Risasi zihesabiwe kama fedha, kwa sababu kuna anayezinunua kama dhahabu.

Na tusimsahau askari mwenyewe. Desemba 2021, Kabete, Nairobi, askari alimuua mkewe kwa bunduki ya kazi, akatoka akaua wengine mtaani, kisha akajiua. Tunakagua mtutu kila askari anapoirudisha bunduki, lakini anayeirudisha hatumkagui. Baba yangu alikaa lindoni saa tatu za ziada, na hakuna aliyemuuliza hata kama amekunywa maji.

Makamanda, Jumatatu mtakuwa vituoni kwenu. Naomba jambo moja. Nendeni saa nane za usiku, bila taarifa, mwingie kupitia mlango wa walalamikaji, mhesabu hatua kutoka hapo hadi ghala la silaha. Iandikeni namba hiyo, pamoja na idadi ya askari mliowakuta macho, mtuletee kikao kijacho.